Jinsi ya kukaa kwenye koteji ya kizamani Uingereza yenye bustani yenu peke yenu, bila kugombana na nyumba

Kwanza tuelewane. Ile koteji unayoiona kwenye picha, kuta za mawe, paa la nyasi, mawaridi yamepanda mpaka dirishani na bustani nyuma ambayo ni yenu tu, ile nyumba ilijengwa kabla ya umeme, kabla ya maji ya bomba, kabla mtu hajawaza kwamba choo kinaweza kuwa ndani. Hayo yote yamekuja kuchomekwa baadae, kila kizazi kimeongeza chake palipopatikana nafasi. Sasa mtu akienda pale na akili za hoteli anaanza kulalamika tangu mlangoni, mara baridi, mara giza, mara waifai haishiki. Ila ukijua nyumba yenyewe inafanyaje kazi na ukauliza maswali mapema, ni mapumziko matamu kuliko hoteli nyingi, na hilo nalisema bila kupepesa macho. Naongelea England zaidi, maana Scotland na Wales wana taratibu zao kwenye baadhi ya mambo.

Kabla hujalipa

Picha hazidanganyi ila zinanyamazia mengi, kwahiyo kazi yako ni kuuliza yale ambayo picha imeyanyamazia.

Nyumba nyingi za hivi zimeorodheshwa kisheria kama majengo ya kihistoria. Kuna madaraja matatu: la I ndo la juu na ni kama asilimia 2.5 tu ya majengo yote, halafu kuna II yenye nyota, halafu II ya kawaida ambayo inabeba karibu asilimia 92, na koteji utakayokodi uwezekano mkubwa iko hapo kwenye kundi la mwisho. Jengo la kabla ya mwaka 1700 ambalo bado lina sura yake ya zamani karibu lote limeingia kwenye orodha. Kwanini nakusumbua na haya? Kwa sababu mwenye nyumba akigusa kitu chenye uzito wa kihistoria bila kibali ni kosa la jinai, na orodha haiishii ukuta wa nje, inaingia mpaka ndani, ngazi, milango, meko. Hata kung'oa dirisha la kioo kimoja aweke la vioo viwili inabidi aombe, na anaweza akanyimwa. Kwahiyo dirisha likipitisha ubaridi usidhani mwenye nyumba ni bahili, we uliza tu kwamba nyumba inapashwaje joto, ni boila ya mafuta, hita za umeme au jiko la kuni peke yake, na kuni zinatolewa au mnajinunulia.

Swali la pili ni bafu liko wapi. Hili watu wanalisahau. Kwenye koteji nyingi vyumba vya kulala viko juu na bafu liko chini, nyuma ya jiko, maana ndo sehemu pekee waliyoweza kuongeza chumba. Maana yake saa nane usiku unashuka ngazi za mbao nyembamba zinazojikunja ndani ya kitu ambacho ukikiona mchana utadhani mlango wa kabati. Ukiwa na bibi, mjamzito au mtoto wa miaka miwili hilo sio jambo la kucheka. Uliza pia urefu wa dari na milango, mtu wa futi sita atakuwa anainama kila anapopita, na zile boriti haziongei mara mbili.

Sasa bustani, na hapa ndo pa kukazia. Tangazo likisema bustani binafsi linaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti kabisa. Moja, imezungushiwa kote na hamna mtu mwingine anaingia. Mbili, ni yenu kutumia lakini majirani wanaiangalia kutoka madirishani kwao kama sinema. Tatu, ni yenu ila kuna mtu mwenye haki ya kupita. Hiyo ya tatu inashangaza wageni wengi. England na Wales zina njia za umma kama kilomita 225,000, nyingi zikiwa za miguu, na nyingine zinapita katikati ya mashamba na hata viwanja vya watu, na huwezi kumzuia mtu aliyevaa buti na begi mgongoni wakati we uko na kaptula unakunywa chai. Halafu kwenye nyumba za kuungana jirani anaweza akawa na haki ya kupitisha mapipa yake ya taka nyuma kwenu. Kwahiyo usiulize "bustani ni binafsi?", hapo utajibiwa ndio. Uliza "kuna mtu yeyote mwingine anayeruhusiwa kuingia au kupita, na mtunza bustani anakuja siku gani?"

Uliza na upande ilipo. Kule jua linazungukia upande wa kusini, bustani ikiwa kaskazini mwa nyumba inakaa kwenye kivuli cha nyumba sehemu kubwa ya siku, na kivuli cha kule hata mwezi wa saba kinaweza kukutafutisha sweta. Kusini au magharibi ndo unazotaka, magharibi hasa kama nyie ni watu wa jioni. Na kama una mbwa au mtoto, uliza fensi imefunga pande zote au kuna pengo kwenye ua wa miti, na kuna kidimbwi cha maji ama hakuna.

Tahadhari nyingine ni umaarufu. Nyumba ikiwa nzuri sana na iko barabarani, nyie mtakuwa sehemu ya utalii. Pale Bibury, Gloucestershire, kuna ule mstari wa koteji unaitwa Arlington Row, ulijengwa karibu mwaka 1380 kama ghala la sufu halafu karne ya 17 ukageuzwa makazi ya wafumaji, na kila siku watu wamejaa mbele na simu zao. Ni pazuri, sibishi, ila kama unatafuta utulivu chukua kijiji ambacho hakijawahi kuwa kwenye kalenda ya ukutani.

Pa kutafuta: apu za kawaida zinazo nyingi, lakini ukitaka historia yenyewe angalia National Trust, shirika la hisani la kutunza majengo na mandhari, wapo tangu 1895 na wanakodisha koteji, na Landmark Trust, hawa walianzishwa 1965 na kazi yao ni kuokoa majengo yaliyokuwa yanaelekea kubomoka, wanayakarabati halafu wanakodisha ili yajitunze. Za Landmark Trust hazina tivii na hiyo ni makusudi kabisa, kwahiyo waambie watoto mapema.

Mwezi gani? Kwa ajili ya bustani mi nasema wa sita, hamna mjadala. Mawaridi yako kwenye kilele na jua linazama saa tatu na kitu usiku, unakula nje na bado unaona sahani. Wa tano mzuri pia ila usiku unaweza kupiga baridi ya kugandisha umande. Kuanzia mwishoni mwa wa saba mpaka mwanzo wa wa tisa shule zimefungwa, bei inapaa na barabara zinajaa. Wa tisa matufaa yameiva na watu wamepungua. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, bustani utaiangalia kwenye kioo tu, hapo unaenda kwa ajili ya moto na kulala, na sio mbaya.

Kufika

Fika mchana. Sisemi kwa mapenzi, barabara za vijijini ni nyembamba za gari moja, pembeni kuna ua wa miti mrefu kuliko gari, huoni mbele na hamna taa. Mkikutana na gari lingine aliye karibu na pale palipopanuka ndo anarudi nyuma, kwahiyo kama kurudi nyuma kunakutoa jasho kodi gari dogo. Kibao kinaweza kuruhusu maili 60 kwa saa, hiyo ni ruhusa sio amri. Na ramani ya simu usiiamini mwisho mwisho, postikodi (ile namba ya anwani) moja ya kijijini inaweza kubeba nyumba kadhaa zilizotawanyika, utaambiwa umefika mkiwa mbele ya zizi la kondoo. Mwombe mwenye nyumba maelezo ya maneno, "geti jeupe la pili baada ya kanisa", na uyahifadhi kwenye simu kabla netiweki haijapotea.

Nunua chakula njiani. Jumapili kwa England maduka makubwa kwa sheria ya 1994 yanafungua masaa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mabasi ya vijijini siku hiyo mengine hayapo kabisa. Mapokezi ya kawaida ni kuanzia saa tisa au kumi alasiri, funguo ziko kwenye kisanduku cha namba pembeni ya mlango, hutaona mtu.

Ndani

Kabla hujafungua mabegi soma ile folda ya mezani. Najua inachosha. Ila ndo inakwambia meinswichi iko wapi, koki kuu ya maji iko wapi, mapipa yanatolewa siku gani na mlango gani una ujanja wake. Angalia kialamu cha kaboni monoksidi kipo kwenye chumba chenye moto na ukibonyeze kilie, gesi hiyo haina harufu wala rangi.

Jiko la kuni la chuma, lile lenye kioo mbele, linawashinda watu wengi na wanaishia kulala na makoti, kwahiyo nielezee taratibu. Fungua matundu yote ya hewa. Majivu usiyazoe yote, acha tandiko la sentimita moja mbili, kuni zinawaka vizuri juu yake. Panga vijiti vyembamba kwa kupishana, kiwashio katikati, washa, halafu mlango uuache wazi upana wa kidole kwa dakika kama kumi mpaka dohani lipate joto, maana dohani likiwa baridi moshi unarudi sebuleni. Moto ukishashika weka gogo moja, sio matatu, funga mlango, na likianza kuwaka lenyewe ndo upunguze hewa ya chini kidogo kidogo. Kioo kikigeuka cheusi ujue ama umebana hewa mno ama kuni ni mbichi. Kuni nzuri zina unyevu wa asilimia 20 au chini, na tangu 2021 England haziruhusiwi kuuzwa mbichi kwa mafungu madogo, kwahiyo nunua zile zenye alama ya kuwa tayari kuchomwa na usiokote matawi bustanini. Majivu yanatoka kwenye ndoo ya chuma na ndoo inakaa nje juu ya mawe, kaa la ndani linaweza kubaki hai hata siku mbili. Na kama paa ni la nyasi usichome karatasi wala maboksi, cheche moja ya karatasi ikipanda dohani sitaki hata kumalizia.

Unaweza kukuta jikoni kuna Aga, dubwana zito la chuma lisilo na kitufe cha moto. Aliyelibuni ni Mswidi Gustaf Dalén mwaka 1922, mtu aliyepata Nobel ya fizikia 1912 na mwaka huo huo akapofuka kwa ajali, basi akiwa amekaa nyumbani ndo akaona wanavyohangaika na majiko. Lenyewe linakaa limewaka muda wote. Kwa kawaida sahani ya kushoto ni ya kuchemsha haraka na ya kulia ni ya moto mdogo, ova ya juu kali, ya chini ya taratibu. Siri ni kwamba ukiacha vifuniko vya juu wazi joto linakimbia na ova zinapoa, kwahiyo wali wako uchemke juu dakika chache halafu usukumie sufuria ova ya chini wali ujimalizie humo, we uendelee na mambo mengine. Wakati wa joto wengi wanalizima na wanakuwekea jiko dogo la umeme pembeni.

Kuta nazo. Nyingi za zile zenye mbao nyeusi nje na rangi nyeupe katikati, ukizichungulia ndani ni fito zimesukwa zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, yaani ni mbavu za mbwa zile zile tunazozijua, za kwao tu zimefikisha miaka mia nne na zinakodishwa kwa bei. Devon, kule kusini magharibi, kuna za udongo na majani makavu bila fito, ukuta nusu mita na zaidi, waifai haipenyi vizuri kwahiyo ukihitaji intaneti kaa chumba chenye ruta. Hizi kuta zinapumua, zinanyonya unyevu na kuutoa, sasa nyie mkianika nguo ndani, mkaoga maji ya moto na kufunga madirisha yote, unyevu unakosa pa kwenda na kesho yake kuna harufu ya kuvu na mnamlaumu mwenye nyumba. Fungua madirisha robo saa kila asubuhi hata kama kuna baridi, joto liwe dogo la muda wote badala ya kuwasha kwa fujo usiku na kuzima. Usiegemee ukuta wa chokaa na koti jeusi. Na yale madirisha ya kusukuma juu inua kwa mikono miwili sawasawa, yakikwama usilazimishe.

Choo. Nyumba nyingi za mbali haziko kwenye bomba la maji taka la mji, zina tangi lake shambani na linafanya kazi kwa bakteria. Vitambaa vya kufutia mtoto, mafuta ya kukaangia, jiki nyingi, vyote hapana. Tangi likifura harufu inakuja upande wa bustani, mtajikomoa wenyewe.

Wadudu wapo, buibui hasa, na kwenye vuli unaweza kukuta nzi wazembe wamejaa dirisha la darini, hawana madhara. Kuna popo darini? Waache, wanalindwa kisheria, kuwafukuza ni kosa.

Nje sasa

Watu wanakodi kwa ajili ya bustani halafu wanashinda ndani kwenye sofa kwa sababu asubuhi nyasi zimelowa. Fanya hivi: siku ya kwanza zunguka na kikombe mkononi uone jua linapiga wapi saa ngapi, halafu sogeza viti vifuate, asubuhi kona hii, jioni kona ile. Hamna sheria inayosema viti vibaki pale ulipovikuta, mradi uvirudishe. Mito ya viti iingie ndani jioni, umande wa kule unalowesha kama mvua, na chukua koti hata mwezi wa sita.

Ruhusa ni jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa. Majani ya kupikia kama rozimari na minti kwa kawaida unachuma tu, matunda na maua uliza, mwenye nyumba mwingine ameyahesabu. Kuna maua marefu ya zambarau kama vikengele vimening'inia, foksiglovu, yanapendeza na yana sumu kuanzia jani mpaka mbegu, mtoto mdogo asiachwe nayo. Mwezi wa nane nyigu wanakaa kwenye matufaa yaliyodondoka, angalia kabla hujakanyaga pekupeku. Jioni ukibahatika utaona kalunguyeye anakatiza, usimpe maziwa, yanamharibu tumbo, mwekee maji kwenye kisahani.

Ukitoka kutembea kwenye nyasi ndefu jikague kupe, nyuma ya magoti, kiunoni, watoto mpaka nywele. Ukimkuta mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na umvute juu polepole bila kumminya wala kumchoma na kiberiti. Ukiona duara jekundu linapanuka wiki chache baadae nenda kwa daktari useme uliumwa na kupe, inaweza kuwa ugonjwa wa Lyme na unatibika kwa antibiotiki. Ushauri wa afya usio wa dharura ni namba 111, dharura 999.

Kuchoma nyama nje inategemea. Paa la nyasi, wengi wanakataza moto wowote wa nje na wana haki, fataki na zile taa za karatasi za kupaa ndo usizitaje kabisa. Kama inaruhusiwa weka jiko kwenye mawe mbali na nyumba na ua, na usiliingize ndani likiwa na makaa hata mvua ikija. Muziki punguza, kijijini hamna kelele ya magari ya kuficha spika yako, saa nne usiku bonde zima linasikia mnachosikiliza.

Kuondoka

Kutoka ni saa nne asubuhi mara nyingi, kwahiyo mambo yaanze jana yake. Osha vyombo, toa taka kwa makundi kama folda ilivyosema, majivu yaliyopoa tu ndo yaguswe, funga madirisha yote na ulihesabu lile la bafuni. Viti vya nje virudi mlipovikuta. Kwenye kitabu cha wageni andika vitu vya maana kwa anayekuja, bomba la juu maji ya moto yanachukua muda gani kutoka, kona gani ya bustani ina jua la asubuhi, mlango gani unatakiwa kuinuliwa kidogo ndo ufunge, watu wakishaandika "pazuri sana asante" mara arobaini haimsaidii mtu. Piga picha kila chumba kabla hujafunga, ni kwa ajili ya ile amana yako likitokea la kutokea, rudisha funguo kwenye kisanduku, vuruga namba, halafu mtumie mwenye nyumba meseji mkifika penye netiweki.